Jina la Niyubahwe

Wanachuo waliokaa darasani Jumatatu ile walikuwa thelathini na wanane, lakini sauti zilizoitika zilikuwa thelathini na tisa.

Mkufunzi Stanislaus, aliyefundisha hisabati katika chuo kimoja cha ualimu Kasulu, alidhani amekosea kuhesabu. Akaita majina upya. Alipofika kwa Niyubahwe, kutoka dawati la dirishani ikaja sauti ya upole ambayo darasa zima liliijua: "Nipo, mkufunzi."

Niyubahwe alizikwa Nyakitonto wakati wa likizo. Stanislaus hakuwa amelikata jina lake daftarini. Kila asubuhi alilisoma, akatupa jicho dirishani, kisha akaendelea na linalofuata, maana kulikata kulimuuma.

Dawati lile, walilokuwa wakikaa wawili, lilibaki la Firdausi peke yake, binti wa muuza duka mjini. Hakuwa amefungua mdomo. Lakini harufu ya udongo mbichi ilimzunguka, na kila sauti ile ilipoitika, yake ilififia. Stanislaus aliacha kuita majina. Sauti ikawa inaitika bila kuitwa, katikati ya somo. Kufikia Alhamisi Firdausi alikuwa ananong'ona tu, na wiki iliyofuata alitakiwa awe Makere, mbele ya watoto, kwa mazoezi ya kufundisha.

Baba yake akamtuma Shekhe Hilali chuoni. Mzee alisikiliza kisa chote, akaomba daftari la mahudhurio, akalinusa.

"Huyu si marehemu, mwalimu," alisema taratibu. "Jini amekuta jina halina mwenyewe, na wewe ulimkaribisha kila siku. Likate mbele ya wenzake. Useme kwa kinywa chako kwamba amekufa."

"Sitaweza, shekhe."

"Basi binti wa watu atakwisha."

Saa nne asubuhi, jua likiwaka juu ya bati, Stanislaus alishika kalamu nyekundu, na shekhe alipoanza kusoma dua madirisha yakatetemeka ingawa nje hata jani la mgomba halikutikisika, ubaoni pakasikika mkwaruzo wa chaki isiyoshikwa na mtu, harufu ya udongo ikapanda mpaka wanachuo wakaziba pua, naye Stanislaus akaiburuta kalamu juu ya jina lile, akasema, "Niyubahwe amekufa."

Hewa ikawa nyepesi. Shekhe akamwashiria Stanislaus amjaribu mgonjwa.

"Firdausi," akaita.

"Nipo, mkufunzi," akajibu kwa upole, kwa sauti iliyojaa.

Wanachuo wakainamisha vichwa. Kalamu ikamponyoka Stanislaus. Shekhe peke yake, ambaye hakuwahi kumsikia Niyubahwe akiongea, ndiye aliyemshukuru Mungu.