Glasi Nne Kabla ya Mteremko

Sogeeni karibu, jamaa zangu wa bondeni na wa mlimani, niwaeleze habari za nyumba moja iliyokaribia kuangamia huku inacheka.

Ilikuwa nyumba ya waongozaji wa baiskeli. Asubuhi za msimu wa mavuno, umande ukiwa bado kwenye majani ya mizabibu, baba alikuwa barazani akijaza tairi upepo na kupiga mluzi. Mama alifunga mikate na jibini kwenye vitambaa safi. Binti yao, fundi wa gia na breki, alikuwa amepiga magoti sakafuni, mikono imejaa grisi hadi viwikoni. Wageni walitoka mbali kuja kupanda nao taratibu katikati ya mashamba ya zabibu, wafike kwenye mpenyo ambapo milima miwili inakaribia kupeana mikono, kisha wateremke kona kumi na moja hadi bonde la pili. Baba alitangulia, binti alifunga mkia.

"Sheria yangu ni moja tu," baba aliwaambia wageni. "Fuateni tairi langu. Nikienda kushoto, nendeni kushoto. Nikisimama, simameni. Nikiimba, vumilieni."

Wageni wakavunjika mbavu. Kila mtu alimwita Kengele, kwa kuwa alipiga kengele ya baiskeli kwenye kila kona na kwa kila mtu aliyemfahamu, na hakuna asiyemfahamu.

Balaa lilianzia kwenye adabu. Njia ya kupanda ilikuwa na maghala manne ya mvinyo, na mote humo wageni waliingia kuonja. Walifanya kama walivyoelekezwa: funda dogo, wanalizungusha mdomoni, wanalitema kwenye ndoo. Kengele hakutema. Desturi ya huko ni mwenye ghala kumjazia kiongozi glasi nzima ya shukrani, na kiongozi akibakiza, ni kama amesema mvinyo haufai. Basi alimaliza. Na zile walizobakiza wageni, nazo akazionea huruma.

Wewe unayesoma, usimhukumu haraka. Huyu hakuwahi kukanyaga baa hata siku moja. Ungemwambia ni mlevi, angekutafutia kiti upumzike.

Lakini nyumbani alirudi akalala na viatu. Mama alikula akitazama kiti kitupu.

"Mwambie wewe," mama alimwambia binti wakiosha vyombo. "Mimi nimesema mpaka ulimi umeota sugu. Nilimwambia ateme kama wenzake, tangu siku hiyo ananiita Bibi Ndoo."

"Nitamwambiaje, Mama? Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha."

"Kwa hiyo unamwogopa."

"Namheshimu."

"Haya. Mheshimu hadi makaburini."

Binti alikuwa miongoni mwa watu ambao maneno yao hufika kwenye meno yakarudi. Hata hivyo, kesho yake walipofika kwenye mpenyo, alijikaza.

"Baba, leo nitangulie mimi kwenye mteremko. Wewe kaa nyuma."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Umekunywa."

"Nimeonja," Kengele alisema kwa upole. "Mpishi asipoonja mchuzi, utaula?"

Wageni wakacheka. Binti akainamia cheni yake, akajifanya anaikagua.

Siku hiyo walikuwa na mwalimu mstaafu na mumewe, daktari wa meno, watu wa mizaha tangu asubuhi. Upepo ulikuwa mwanana, bonde lote chini limepambwa kwa kijani na dhahabu. Kona ya kwanza hadi ya sita walikata vizuri. Kwenye kona ya saba, Kengele alipiga kengele yake sawasawa, halafu akaenda moja kwa moja.

Na kwa sababu alikuwa amewafundisha vyema, mwalimu naye akaenda moja kwa moja. Mumewe akamfuata mkewe. Binti, akiwa nyuma, aliona baiskeli tatu zikiacha barabara kwa mstari ulionyooka kabisa na kuzama kwenye mizabibu.

Alipowafikia, daktari wa meno alikuwa ameketi ndani ya kapu la wavunaji, juu ya zabibu, akijihesabu meno kwa ulimi. Kengele alikuwa amening'inia kwenye waya wa kushikilia mizabibu kama shati lililoanikwa. Mwalimu alikuwa ameshika kifundo cha mkono kilichoanza kuvimba.

"Ulisema tufuate tairi lako," alimwambia Kengele, kwa sauti ya mtu anayesahihisha daftari. "Tulifuata."

Binti alimfunga mwalimu mkono kwa kitambaa cha mikate. Kisha akatazama chini. Kona mbili mbele, hapakuwa na mizabibu wala waya. Palikuwa na hewa tupu, na mto chini kabisa.

"Nilionja tu," Kengele alinong'ona.

Walishuka kwa miguu, wakikokota baiskeli, hadi zahanati.

Jioni ile, Kengele alipotaka kwenda kulala, binti aliweka jagi mezani. Akajaza maji glasi nne, moja baada ya nyingine, akazimimina humo. Akaongeza na zile za mabaki ya wageni. Jagi likajaa hadi shingoni.

"Kunywa, Baba. Ni maji tu."

Alikunywa. Alipofika nusu, akaliweka chini, akihema. "Siwezi."

"Unaweza. Hivi ndivyo unavyoonja kila siku kabla ya chakula cha mchana." Machozi yalimtoka, lakini safari hii maneno hayakurudi. "Mimi ndiye ninayekaa nyuma, Baba. Kila siku nakutazama mgongo nikijiuliza kama leo ndiyo mwisho wa kuuona."

Mama aliacha kupangusa sahani. Kengele alilisukuma jagi kando.

"Kesho utangulie wewe," alisema.

Haikuwa rahisi, nisiwadanganye. Wiki za mwanzo mikono ilimtetemeka, ikabidi aende kwa daktari. Alasiri tamaa ilipombana, mama alivaa viatu vya kupandia mlima, wakatembea wawili njia za shambani hadi ipungue. Kwenye ghala la kwanza, mwenye ghala, mwanamke mwenye vidole vya zambarau, alinuna.

"Shemeji, nimekukosea nini mpaka unikatalie?"

"Hujanikosea. Nina watu wa kurudisha kwao. Nipe maji ya zabibu."

"Hayo ni ya watoto."

"Basi nihesabu mtoto."

Mwenye ghala akacheka mwishowe, akammiminia. Msimu uliofuata waliigeuza safari: milima kwanza, maghala mwisho, baiskeli zikiwa zimefungwa. Mwalimu na mumewe walirudi, mkono umepona, mizaha ile ile. Waliteremka kona zote kumi na moja nyuma ya binti, na kutoka mkiani wakasikia Kengele akiimba vibaya sana, bila tone la mvinyo tumboni.

FUNZO

Pombe haina jina dogo. Ukiiita kuonja, adabu au shukrani, inaingia tumboni ile ile, na wanaokufuata wataanguka pale utakapoanguka. Nanyi mnaomimina, heshima ya mgeni haipimwi kwa glasi. Mkimpenda mtu mwenye safari, mpeni maji. Na wewe mtoto unayemwona mzazi wako akipotea, sema, hata sauti ikitetemeka. Kumnyamazia si heshima.