Zamu ya Kusema

Jumamosi ile kituo cha treni cha Kyobashi, mjini Osaka, kilikuwa kimefurika watu. Yasuhide Kurumada, fundi wa lifti wa miaka arobaini na mitatu, alisimama karibu na mashine za tiketi, shati lake jeupe limepigwa pasi, mkononi ameshika kikaratasi alichopewa na daktari. Alikikunja, akakikunjua, akatazama huku na huku.

"Umepotea, bwana?"

Aliyeuliza alikuwa Kanae Toyooka, mfamasia wa duka moja la jirani, amevaa koti la mvua la rangi ya ndimu, nywele zimebanwa vizuri kisogoni.

"Natafuta jumba la mikutano la mtaa," alijibu Kurumada. "Kuna kikao saa tisa."

"Kikao gani?"

Kurumada alikikunja tena kikaratasi. Kutamka "cha walevi wanaoacha pombe" mbele ya mwanamke nadhifu namna ile, ulimi ulikataa.

"Cha... watu tu. Tunakutana."

"Aa, kwaya! Si ungesema? Twende, nami naelekea huko huko. Sauti nzito kama yako tumeitafuta mwaka mzima!"

Kurumada alikuwa amekwisha kuinama na kumshukuru mara tatu. Hakuona namna ya kugeuka bila kumtia mwenzake aibu. Wakapita mlango wa chumba cha ghorofa ya pili, penye kibao kidogo cha kikao chake, wakapanda hadi ya tatu. Ilipofika saa kumi na moja, Kurumada alikuwa ameimba nyimbo nne asizozijua.

Alirudi Jumamosi ya pili, na ya tatu. Alijiambia kwamba mtu anayeimba hanywi, na kweli, kwa wiki saba hakunywa. Baada ya mazoezi yeye na Kanae walitembea kando ya mto wakila takoyaki, vitumbua vya pweza, vya moto, wakipuliza vidole.

"Unaimba kama lifti iliyokwama," Kanae alimtania.

"Lifti iliyokwama naijua dawa yake. Wewe unaijua yangu?"

"Dukani nina dawa za kila aina, mpenzi."

Lile neno "mpenzi" lilimtoka bila kupanga. Wote wawili wakatazama maji, masikio yamewaiva.

Mwezi wa Mei kwaya ilifanya onyesho, kisha wote wakaenda baa kujipongeza. Kwa desturi yao, mezani hakuna ajimiminiaye mwenyewe. Humiminiwa na jirani yake. Kanae akashika chupa ya bia kwa mikono miwili, akaijaza glasi ya Kurumada huku akitabasamu. Watu ishirini walikuwa wamenyanyua glasi, wanamsubiri. Akanyanyua yake. Akanywa. Zilizofuata alizinunua mwenyewe, akazinywa peke yake chumbani, na Jumatatu hakuonekana kazini.

Jumamosi tatu zikapita. Kanae alipiga simu hata akachoka. Ya nne, adhuhuri, simu yake ikalia.

"Leo umekumbuka kuwa nina simu?"

"Kanae, nisamehe."

"Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Huyo mwanamke wako! Sema jina, nilie mara moja nimalize, nina wateja."

"Hakuna mwanamke. Nilikuwa nalewa."

Kurumada akaendelea upesi, asije akaishiwa na ujasiri.

"Siku ile kituoni sikuwa natafuta kwaya. Nilikuwa natafuta kikao cha ghorofa ya pili, cha kuacha pombe. Sasa nimeshakwenda mara mbili. Leo ni siku ya kumi na tisa sijaonja."

"Na ile bia nilikumiminia mimi!"

"Ulimimina. Aliyekunywa ni mimi."

"Na wiki saba zote ukaupita mlango ule! Mjinga wewe!"

"Nilipenda kuwa nawe. Na nilikuwa na aibu. Saa tisa nakwenda tena. Ukitaka tuachane, sitakulaumu. Ila sikutaka uachane na mtu usiyemjua."

Kanae akakata simu.

Kwenye chumba cha ghorofa ya pili palikuwa na viti kumi na vinne na birika la chai ya shayiri. Pale kila mtu hutaja jina lake kamili, na ndugu wa wanywaji huketi nao na kusema ya kwao. Hakuna anayejibu wala kuhukumu. Kurumada alisimama, akasema yake hadi mwisho, akakaa. Kiti cha kando yake kilikuwa kitupu.

Mlango ukafunguliwa. Kanae aliingia na koti lake la duka la dawa, akihema kwa kupanda ngazi, akainama kwa wote, akaketi pale pale.

Mwenyekiti, mzee Uchibori, mwashi mstaafu aliyeacha pombe miaka ishirini na miwili iliyopita, akamtazama kwa upole.

"Karibu, mama. Hapa husema wanywaji na watu wao. Wewe ni nani wa bwana Kurumada?"

Kurumada alitaka kumwokoa. "Huyu ni rafi..."

"Naitwa Kanae Toyooka," alisema Kanae, akasimama wima. "Ni mchumba wake."

Kikombe cha mtu kiligonga meza. Kurumada akamvuta mkono wa koti.

"Lakini mimi sijakuomba uchumba bado," akanong'ona.

"Utaomba zamu yako ikifika. Sasa ni yangu."

"Yangu imeshapita!"

"Basi Jumamosi ijayo, mpenzi. Hakikisha unakuja."

Jumamosi iliyofuata, siku ya ishirini na sita, Kurumada alifika saa nzima kabla ya wakati, amefunga tai.