Kiu ya Ardvorran

Kisukaladha kilivuta harufu kutoka kwenye shingo ya chupa ya kale, kikatulia kama mtu anayejaribu kukumbuka jina, kisha sindano zake zikaanza kudondosha matone ndani ya bilauri. Kazi ambayo zamani ilihitaji mapipa ya mwaloni na miaka thelathini ya giza, mashine hii iliyosimama katika maabara moja jijini Dodoma iliimaliza kabla chai haijapoa. Ilisoma molekuli za kinywaji kilichotoweka duniani, ikazisuka upya.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya Ardvorran, wiski ya Uskoti iliyochanganywa kutoka viwanda vingi na kukomazwa miaka hiyo thelathini. Ilikoma kutengenezwa vijito vya kule vilipokauka. Chupa hii ilikuwa ya mwisho, nayo ilibaki na kiasi cha kufunika kitako tu.

"Vipimo vinasema imefanana kabisa," alisema Mhandisi Nyemo Chibago, aliyeiunda mashine hiyo.

Mkurugenzi wake, Bi. Kokubanza, alionja, akakunja uso. "Vipimo havinywi, Nyemo. Hii imepooza. Anatakiwa mtu aliyeijua ile yenyewe." Akaweka bilauri mezani. "Baba yako si alifanya kazi kule?"

"Baba hanywi."

"Nani kasema anywe? Aonje, ateme."

Mzee Chibago alikwenda Uskoti angali kijana kutoka mashamba ya zabibu ya kwao, akawa mmoja wa wachanganyaji wa Ardvorran. Alirudi na ulimi wenye sifa, na kiu isiyo na mwisho. Nyemo alikua akisikiliza mwendo wa baba yake kibarazani ili ajue kama akampokee au akajifiche. Mama yake alipofariki, mzee aliacha pombe, na tangu hapo hakugusa hata togwa iliyolala. Nyemo aliyajua yote hayo, na bado alikwenda kumwomba.

"Ni wewe unayeniomba, au ni ofisi?" mzee aliuliza.

"Ni mimi, baba."

"Basi nitakuja. Tangu niache, hujawahi kuniomba kitu."

Maabarani walimketisha kwenye kiti na kumvika kisomahisi, kofia nyepesi iliyosoma mawimbi ya ubongo na kuyapeleka moja kwa moja kwenye kisukaladha. Mwonjaji akiitambua ladha ya asili, wimbi hupanda, na mashine hujua imekaribia.

Mzee alinusa kwanza, muda mrefu, macho yamefumbwa. Akaonja, akatema ndani ya bakuli. "Asali ipo. Ganda la chungwa lipo. Moshi mmeuweka mbele, nao hukaa nyuma kama mgeni mwenye adabu."

Kisukaladha kikasuka upya. Akaonja, akatema. "Mbao kavu mno."

Wimbi lilipanda kidogo. Kikasuka tena, na tena, na kila mara wimbi likazidi. Bi. Kokubanza alionja naye, akashika kifua. "Ee Mungu wangu! Sasa hii ni kitu kingine. Huwezi kuiweka chini."

Nyemo alilitazama bakuli la kutemea. Yaliyomo hayakuwa yakiongezeka. Baba yake alikuwa akimeza.

Akageukia kioo cha mashine, akalinganisha kinywaji kipya na ile Ardvorran ya chupani. Havikufanana tena. Kila msuko uliipeleka mbali zaidi na ile ya asili. Ndipo akalitazama vizuri lile wimbi. Halikuwa wimbi la kumbukumbu. Lilikuwa wimbi la kiu. Mashine haikujua tofauti. Ilikuwa imefuata kiu ya mlevi aliyepona, ikaisukia kinywaji chake.

Alizima umeme, akafuta kiolezo cha kinywaji hicho.

"Unafanya nini?" Bi. Kokubanza alipiga kelele. "Nimeshakituma kiwandani! Watu watakipenda!"

"Si Ardvorran, Bi. Mkurugenzi. Ni kiu ya baba yangu. Mtaiuza kwa kila mtu."

"Lete hiyo bilauri," mzee alisema. Sauti ilikuwa ile ya miaka ya ulevi, ya kibarazani. "Hatujafika bado. Lete, nimesema!"

Nyemo aliimimina sakafuni mbele yake. Mzee aliitazama ikitiririka, kisha akafunika uso kwa mikono yote miwili. "Nirudishe nyumbani," alisema. "Sasa hivi, kabla sijakutukana."

Nyumbani mzee aliingia chumbani mwenyewe. "Uambie mlango unisikilize, ila usinitii," alisema. "Nitakuomba, mwanangu. Nitakudanganya. Usifungue."

Nyumba za siku hizo zilikuwa na milango ya kuitikia sauti. Nyemo aliuamuru mlango umtii yeye peke yake, akaketi sakafuni, mgongo ukutani, jua la alasiri likimwangukia miguuni. Mara tatu alimpigia Bi. Kokubanza kumsihi asimamishe kiwanda, na mara tatu simu haikupokelewa.

Kisha sauti ikaja kutoka ndani, ya upole kabisa. "Nyemo, mama. Nimetulia sasa. Nifungulie ninywe maji tu."

Maji yalikuwa humo ndani. Alimwekea mtungi mwenyewe.

"Baba wa nyumba anaomba kutoka," mlango ulisema. "Nifungue?"

"Usifungue."

"Kwa muda gani?"

Nyemo alisogea, akauegemeza mgongo wake kwenye mlango.