Tangazo la Tabasamu Jipya

Barua pepe ya kwanza iliingia mtandao ukiwa umekatika. Karani wa mapokezi kwenye kliniki ya meno aliisoma huku waya uliochomolewa ukiwa bado mkononi mwake: "OFA! Tabasamu jipya, bure kabisa. Upo?" Haikuwa na jina la mtumaji. Akaifuta, akarudi kwenye chai yake.

Ikarudi. Akaizuia, ikarudi na wenzake. Kufika mchana, matangazo yalikuwa yameizika miadi ya wagonjwa chini kabisa, na kompyuta imeanza kunuka jino linalotobolewa, ile harufu ya mfupa unaoungua.

"Usijibu hata moja," alisema Daktari, dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao afe na kumpa hiyo kazi. "Hawa wanatupa ndoano tu. Ukijibu wanajua upo, hawakuachi tena."

"Sawa, dada."

Sawa ya mdomoni tu. Karani alikuwa na hasira za karibu, na tangazo lililofuata lilimkuta na njaa. Akaandika kwa vidole viwili, akizibamiza herufi: "NIPO! Kama wewe mwanamume kweli, njoo hapa tuonane!" Akatuma. Jamani, mtu mzima na akili zake!

Chumba cha pili, mashine ya kutobolea meno ikaanza kulia.

Lakini mgonjwa pekee alikuwa shangazi yao, mganga wa kupunga majini, ambaye alikuwa ameketi hapo mapokezi akisubiri meno yake ya bandia. Wakatazamana.

"Dada yako yuko na nani humo?" shangazi alinong'ona.

Karani akausukuma mlango. Daktari alikuwa amelala kwenye kiti cha wagonjwa, koleo mkononi, damu ikimtiririka kidevuni mpaka kwenye koti jeupe, akijing'oa meno bila ganzi, huku macho yake, ambayo bado yalikuwa ya kwake, yakimlilia mdogo wake, na sauti nene ya kiume ikitoka kooni mwake na kuuliza kwa adabu ya muuza duka, "Mteja wangu, umeniita nimekuja, tabasamu hili umelipenda au niendelee?" na mashine ikajinyanyua yenyewe, ikizunguka, ikipiga kelele, ikishuka polepole kuelekea kwenye jicho lake la kushoto.

Karani akamrukia. Akatupwa ukutani, kabati la dawa likamwangukia na kuipondaponda simu yake mfukoni, vioo vikamchana uso.

"Aliyemkaribisha ndiye amfukuze!" shangazi alifoka kutoka mlangoni. "Kwa mdomo wake mwenyewe!"

"Toka!" Karani alilia. "Sikutaki! Nilikosea, mwache dada yangu!"

Jini akageuka, na koleo likamwingia Karani mdomoni. Kila alipotamka neno, jino moja liling'oka na mizizi yake, naye akameza damu na kutamka tena, mpaka ulimi wenyewe uliposhikwa na kuvutwa, na neno la mwisho akalisema ukichanika. Mashine ikazima. Daktari akadondoka sakafuni, akiwa na macho yake yote mawili.

Hospitalini waliwalaza jirani, pazia katikati. Karani alikuwa ameshonwa ulimi na kujazwa pamba mdomo mzima, lakini moyo wake ulikuwa mweupe. Dada yuko hai. Hayo mengine yangepona.

Kisha akaisikia ile harufu ya mfupa unaoungua.

Ng'ambo ya pazia, simu ya Daktari ikalia.

"Ujumbe wa mdogo wako," muuguzi alimsomea. "Anauliza, 'Dada, upo?'"

Daktari akacheka kwa maumivu. "Maskini, hawezi kusema, ndiyo maana anaandika."

Karani akapiga mateke kitanda. Akaing'ang'ania ile pamba, akaivuta, nyuzi zikakatika, akapiga ukelele kwa nguvu zake zote, na kilichotoka kilikuwa damu tu.

"Unamsikia anavyohangaika?" Daktari alisema kwa huruma. "Mjibie, tafadhali. Mwambie nipo."

Muuguzi akaanza kuandika.