Mgonjwa wa Kombe la Visiwa

"Korongo, kuku anachinjwa leo. Usimguse mchinjaji."

Sauti ya Mkuu wake ilikatika kwenye kifaa kidogo ndani ya sikio la Aneth. Alikuwa amesimama kando ya gari la wagonjwa akiwa na sare nyeupe ya nesi, na mbele yake wanaume kumi na wanane walikuwa wanagongana vifua kwenye nyasi kavu za uwanja wa Shinyanga.

Kombe la Visiwa. Komoro dhidi ya Madagaska. Raga ya watu tisa kila upande, dakika tisa kila kipindi, hakuna muda wa kuvuta pumzi.

Watu wa Shinyanga walikuwa hawajazielewa sheria za mchezo wenyewe, ila raha ya kuona mtu akibwagwa chini walishaielewa. Kila mchezaji aliyekabwa alishangiliwa kama amefunga.

Visiwa vimekuja kucheza mbali na bahari kiasi hiki! Magazeti yalilifurahia jambo hilo. Idara ya Usalama haikulifurahia. Idara ilimtazama mdhamini.

Mdhamini alikuwa Herman, mnunuzi wa dhahabu kutoka Geita. Shati la kitani, Rolex mkononi, meno meupe. Dhahabu yake ya magendo ilikuwa malipo ya askari wa kukodiwa waliojiandaa kupindua serikali ya kisiwa kimoja. Idara ilijua dhahabu ingetoka nchini na majeruhi, ndani ya hogo, ile plasta nyeupe inayofungwa kwenye mfupa uliovunjika. Jambo moja haikulijua: askari hao walijificha wapi. Ndege ya Herman, ya kumbeba majeruhi huyo, ingewaonyesha.

Kwa hiyo Aneth alipachikwa kwenye hema la matibabu.

Majeruhi mwenyewe angepatikana vipi, hakuna aliyekuwa amemwambia.

Filimbi ililia. Adam, winga wa Komoro, alichomoka pembeni na mpira kwapani. Alimpita wa kwanza. Akamzunguka wa pili. Wa tatu alimnasa kiunoni, wote wawili wakaserereka mpaka nje ya mstari.

Adam alijaribu kusimama. Kifundo cha mguu kikakataa.

Walimbeba kwenye machela huku akicheka. "Nipulizieni dawa ya baridi tu, sista," alimwambia Aneth. "Kipindi cha pili narudi. Mke wangu anatazama kwa simu."

Ndani ya hema walikuwamo watu watatu. Herman. Kijana wake wa kazi chafu, Mwita, mwenye shingo nene. Na Dokta Baptiste, mtu mweusi, mrefu, aliyekuwa na pasipoti za nchi tatu na hakuna aliyejua kwao hasa ni wapi.

Dokta alikibonyeza kifundo kwa vidole viwili.

"Umeteguka kidogo tu," alisema.

"Si nilisema," alijibu Adam.

"Haitoshi."

Dokta aliinama, akatoa nyundo chini ya meza. Nyundo ya wachimbaji, ya kupasulia mawe.

Aneth alivuta trei ya sindano karibu.

"Sista, mshike mabega," Dokta alisema. "Daktari wa serikali ataomba picha ya eksirei pale uwanja wa ndege. Atapewa picha ya kweli."

"Sindano ya usingizi ninayo hapa," Aneth alisema haraka.

"Baadaye. Uwanja mzima unatakiwa umsikie."

*Usimguse mchinjaji.*

Glock 43 ilikuwa imebana pajani, chini ya sare. Alihitaji kuvuta pumzi mara moja tu, na wote watatu wangekuwa chini. Halafu ndege isingeruka, askari wangebaki mafichoni, na kisiwa kizima kingelipa.

Aliyashika mabega.

Adam alikuwa bado anatabasamu, akidhani ni utani wa wabara.

Nyundo ilishuka. Ilipanda. Ilishuka tena.

Kelele ya Adam ilitoka nje ya hema, ikapanda jukwaani, na watu wote wakanyamaza. Herman alikuwa amegeuka anatazama simu yake. Damu hakuwa anaipenda. Mwita alitafuna bazoka yake taratibu.

Ndipo sindano ikachomwa. Mguu ukapigwa picha. Halafu Dokta akaanza kazi aliyolipwa kuifanya: mabamba membamba ya dhahabu, yaliyopindwa kufuata umbo la mguu, na juu yake plasta, tabaka baada ya tabaka. Uliponyanyuliwa, mguu wa Adam ulikuwa mzito kama gogo.

"Wakishautoa mzigo?" Mwita aliuliza.

"Ndege itakuwa juu ya bahari," Herman alisema. "Mlango utafunguliwa. Na yeye si mtu wa visiwani? Atakuwa kwao."

Mwita akacheka nusura bazoka imtoke.

Aneth alitoka nje na ndoo ya vitambaa vyenye damu. Aliinua saa yake ya Casio karibu na mdomo.

"Korongo kwa Kilima. Watamtupa baharini. Narudia, mgonjwa atatupwa."

Halafu Mkuu: "Ndege lazima iruke, mzigo na mgonjwa ndani. Ikiruka bila mgonjwa, rubani atajua."

"Mkuu, ana mke."

"Kisiwani kuna wake wangapi, Korongo? Timiza."

Mawasiliano yakakatika.

Waliondoka kuelekea uwanja wa ndege wa Ibadakuli. Herman na Mwita walitangulia kwa V8 nyeupe. Nyuma yao gari la wagonjwa: Makoye kwenye usukani, Aneth na Dokta nyuma, Adam amelala kati yao. Makoye alikuwa wa Idara. Hilo Dokta hakulijua.

Vidole vya mguu wa Adam, vilivyochungulia kwenye hogo, vilikuwa vimeanza kuwa vya bluu.

"Umebana mno," Aneth alisema. "Damu haipiti. Mguu utaoza."

Dokta alitazama nje ya dirisha. "Safari yake si ndefu."

Aneth aligonga bati la gari mara mbili.

Makoye alikata kona, akaingia nyuma ya ghala la pamba lililofungwa, akazima injini.

Dokta aligeuka kuuliza. Mdomo wa Glock ulikuwa umeshafika chini ya kidevu chake.

Redio ya Motorola kiunoni mwake ikakwaruza. Sauti ya Herman: "Mbona siwaoni?"

"Mwambie hogo limelegea," Aneth alinong'ona. "Ukikosea neno moja, nakupasua koo."

Dokta alimeza mate. "Hogo... limelegea. Nalifunga upya."

"Fanya haraka. Rubani ana haraka."

Redio ikanyamaza. Sindano ya pili, ya kulegeza misuli, iliyokuwa imeandaliwa ili Adam atulie angani, ikazama shingoni mwa Dokta. Aliangukia benchi, macho wazi, akisikia kila kitu, hawezi kuinua hata ulimi.

Makoye alichungulia kwa nyuma. "Mayu wane, mama yangu! Dada, Mkuu amesema mgonjwa lazima apande."

"Atapanda mgonjwa."

Msumeno mdogo wa umeme ulilia. Hogo lilipasuka pande mbili, dhahabu ikang'aa ndani. Aneth alikisukuma kifaa cha kufuatilia, kidogo kama punje ya mtama, chini ya bamba moja. Kisha wakalifunga hogo kwenye mguu mzima wa Dokta Baptiste, kwa plasta mbichi. Wakamvika jezi ya Komoro yenye damu. Wakamfunga kichwa kwa bendeji mpaka nyusi, wakampachika kifaa cha oksijeni usoni.

Chozi moja lilimtoka Dokta, likapotea ndani ya bendeji.

"Nchi yako ipi kati ya zile tatu?" Aneth alimuuliza kwa upole. "Tuwaambie."

Adam walimlaza sakafuni, wakamfunika blanketi, mguu wake umefungwa kwa mbao mbili.

Ibadakuli, ndege nyeupe ya Cessna Caravan ilikuwa imeshawasha injini. Daktari wa serikali aliitazama eksirei juani, akatikisa kichwa kwa huruma, akasaini. Mwita na Makoye waliinua machela.

"Dokta yuko wapi?" Herman aliuliza.

"Ndani. Anasafisha damu." Aneth alishika kitasa cha mlango wa nyuma. "Imetapakaa kila mahali. Nifungue uone?"

Midomo ya Herman ilijikunja. "Mpandisheni."

Machela ikaingia. Mlango wa ndege ukafungwa. Caravan ikakimbia, ikanyanyuka, ikawa nukta juu ya mashamba ya pamba.

"Kilima, ndege imeruka. Mzigo umo. Mgonjwa yumo."

"Safi, Korongo. Maliza."

Mwita aliuona mkono wa Aneth ukishuka pajani. Akachomoa bastola. Alichelewa: risasi mbili za kifua, akaanguka na bazoka yake mdomoni.

Herman alikimbilia V8. Aneth hakukimbia. Alilenga. Risasi ikaingia nyuma ya goti, na Herman akabiringika kwenye lami, akaona damu yake mwenyewe, akazimia.

"Mfunge pingu," alimwambia Makoye. "Halafu tumuwahishe kijana."

Siku ya fainali Mkuu alipiga simu. Ndege ilikuwa imetua kwenye kisiwa kidogo kisicho na watu, na makomandoo waliifuata mpaka mlangoni. Askari wote wa kukodiwa walikamatwa. Dhahabu ilikutwa yote.

"Ila mgonjwa hakuwamo," Mkuu alisema. "Mlango ulifunguliwa njiani. Pole. Najua ulijaribu."

"Adam yuko hospitali, Shinyanga. Hai."

"Basi ndani alikuwa nani?"

"Mchinjaji. Nilimgusa, Mkuu."

Alikata simu, akaingia wodini.

Adam alikuwa ameegemea mto, simu mkononi, akitazama wenzake wakicheza fainali na Morisi. Chini ya goti la kushoto shuka lililala tambarare. Manesi walikuwa wamemwambia kuna miguu ya bandia mizuri sana siku hizi. Kocha alikuwa amemwambia nafasi yake ipo.

"Sista," alisema bila kuondoa macho kwenye simu, "wewe husemi maneno matamu. Nitacheza lini tena?"

Kwenye simu watu wa Komoro walilipuka kwa shangwe.

"Hutacheza," Aneth alisema.

Alivaa miwani ya jua, akatoka nje, akasimamisha bajaji.