Mbao za Nyumba ya Diwani

"Elfu nne? Bundi, unaniuzia mbao ama unaniuzia shamba?"

"Huu ni mti wa muuru, mama viatu. Gusa. Hiyo si saiprasi ya banda la kuku."

"Nimegusa. Elfu mbili na mia tano."

"Unataka kuniua."

"Nataka kumjengea mbwa nyumba. Kufa ni shauri yako."

Ilikuwa jioni pale Githongo, wakati ule ukungu unateremka kutoka mlimani na kuingia kwenye mashamba ya kahawa ya watu bila kubisha hodi. Gacheri alikuwa amefunga kibanda chake cha viatu vya mitumba, akapitia kwa Bundi seremala kutafuta mbao. Mwanamke huyo hakuwa na subira, na hakuna kazi aliyoisomea. Viatu alijifunza kwa kuuza viatu. Mtu akipita mbele yake alijua nambari ya mguu wake kabla hajajua jina lake. Na kiatu kikiwa na mpasuko, alikuonyesha mpasuko kwanza, ndipo akutajie bei. Hilo alijivunia kuliko harusi yake.

Kwa hiyo ilimkera kuona Bundi hamtazami usoni. Bundi alikuwa anatazama barabara. Mbao zilikuwa zimeshapigwa randa, upande mmoja umepakwa vanishi, na ile vanishi bado ilinuka. Nani hupaka mbao vanishi kabla hajajua zinakwenda kujenga nini?

Gacheri aliliona hilo. Lakini alikuwa katikati ya bei, na akiwa katikati ya bei haoni kitu kingine.

"Elfu mbili na mia tano. Sasa hivi, mkononi."

Alitarajia Bundi acheke, ashuke polepole mpaka elfu tatu. Bundi akanyoosha mkono.

"Chukua," akanong'ona. "Lakini zitoke hapa leo."

Mambo ya nyumba ya mbwa yalianzia Uturuki. Harusi ya Gacheri na Mwongera ilichangiwa vizuri, pesa zikabaki, na badala ya kununua ng'ombe kama watu wenye akili, hayo yakiwa maneno ya shangazi yake Mwongera, maharusi walipanda ndege wakaenda fungate Istanbul. Wengine wakirudi kutoka mbali husimulia majumba na bahari. Gacheri alirudi akisimulia mbwa. Kule, alisema, mbwa wa barabarani analala mlangoni mwa duka na hakuna anayemrushia jiwe. Kwenye bustani amewekewa kijumba cha mbao chenye paa. Na Diwani wetu je? Analala kwenye matope chini ya mkokoteni!

Jina hilo Mwongera ndiye aliyempa mbwa, kwa sababu alibweka kwenye kila mkutano na hakuna kazi aliyowahi kufanya.

Jumamosi wakakijenga kile kijumba, wakifuata video kwenye simu. Mwongera, ambaye siku nyingine hupima kahawa kiwandani, alishika mbao. Gacheri alipiga misumari na kuitukana. Kilitoka kizuri. Kilikuwa kifupi, kina chake kama urefu wa mkono wa mtu mzima, maana Diwani ni mbwa mdogo. Ndani wakatandika sweta kuukuu ya Mwongera.

Diwani hakuingia.

Alikaa nje, ameukazia macho mlango, masikio yamelala. Mbwa anayebwekea hata kuku alikuwa kimya.

"Amezoea umaskini," Mwongera akasema. "Mpe muda. Hata mimi kile kitanda cha hoteli nilikiogopa."

Jumapili jioni stima zilipotea. Gacheri akatoka na sahani ya ugali na mifupa. Ukungu ulikuwa umefika mpaka kwenye kamba ya nguo. Alinusa vanishi. Halafu, chini ya vanishi, harufu nyingine... Ile dawa ya mochari. Aliijua tangu walipomchukua baba yake.

Kwaru... kwaru...

Kama visigino vinavyosugua mbao.

Akainama. Akamulika kwa simu.

Nyayo mbili.

Nyayo za mtu. Zimemwelekea, visigino chini, vidole juu, kama za mtu aliyelala chali. Vidole gumba vimefungwa pamoja kwa bendeji nyeupe. Visigino vimepasukapasuka, visigino vya mkulima.

Na kile kijumba kilikuwa na kina cha mkono mmoja. Nyuma ya nyayo zile hapakuwa na nafasi ya magoti, sembuse kichwa.

Akili yake ikafanya kazi yake ya kila siku. Nambari kumi. Mguu mpana. Kidole cha mwisho cha kulia kimempanda mwenzake.

Alimjua mwenye mguu huo. Kila Krismasi Mzee Mithika alikuja kibandani kujaribu viatu, na kila Krismasi kidole kile kilimuuma. Mzee Mithika alizikwa Alhamisi. Mbao zilinunuliwa Ijumaa.

Hakupiga kelele. Aliweka sahani chini, taratibu, akageuka. Alipopiga hatua ndipo akagundua hahisi vidole vya miguu yake. Alikuwa kama anakanyaga pamba.

"Kule ndani kuna miguu," alimwambia Mwongera.

"Ya nani?"

"Ya Mzee Mithika."

Mwongera alianza kucheka. Akamtazama vizuri, akaacha. Alichukua tochi, akatoka, akakaa huko muda kidogo.

"Hakuna kitu," alisema aliporudi. Akafunga mlango kwa komeo. "Lakini ile sweta... ina mibonyeo miwili. Kama imelaliwa na visigino."

Asubuhi ganzi ilikuwa imepanda mpaka kwenye vifundo vya Gacheri. Waling'oa misumari, wakapakia mbao kwenye mkokoteni, wakaenda zao kwa Bundi. Gacheri alitembea akiitazama miguu yake, maana asipoitazama hakujua iko wapi.

Karakana ilikuwa imefungwa. Mlangoni alikuwa ameketi Cucu Kaari, mjane wa Mithika, shali kichwani.

"Bundi hayupo," alisema. "Amepelekwa hospitali. Analia ati hana miguu. Anaonyeshwa, hii hapa, hii hapa. Anasema hana."

"Cucu, mbao hizi ni za nani? Nimezinunua, sikuziiba, nikamjengea mbwa nyumba. Nakuuliza wazi."

Bibi kizee alipitisha kiganja juu ya ubao mmoja, kama anavyompapasa ng'ombe wake.

"Muuru huu Mithika aliupanda mwaka tuliooana. Akaupasua, akaukausha darini miaka na miaka. Alimwambia Bundi, hizi zote ni za sanduku langu la kuzikiwa, mimi ni mtu mrefu, usipunguze hata moja."

"Akapunguza."

"Sanduku lilikuwa fupi. Pasta anangoja, watu wamejaa boma. Wanaume wakaingia na maiti chumbani, wakafunga mlango. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta. Nilisikia magoti yakivunjwa."

Pikipiki ilipita barabarani. Mwongera alivua kofia, akaivaa tena.

"Tumrudishie," Gacheri akasema.

"Kwa mlango gani? Kaburi limefungwa kwa saruji. Na mbao zimeshakuwa za mbwa."

"Basi niambie nifanye nini, Cucu!" Hasira ilimpanda, ile hasira yake ya sokoni. "Sikujua. Lakini mimi nikidaiwa nalipa. Githongo nzima inajua. Chochote ninachodaiwa, nalipa!"

Cucu Kaari alimshika mkono haraka.

"Usiseme hivyo kwa sauti," alinong'ona. "Mtoto wangu... usiseme hivyo kwa sauti."

Lakini lilikuwa limeshasemwa.

Walizipeleka mbao, wakazipanga juu ya kaburi, Mwongera akaomba sala fupi. Kurudi, alimpandisha mkewe kwenye mkokoteni. Gacheri alikaa pale mbao zilipokuwa zimelala. Walipokutana na watu walisalimia, wakasalimiwa.

Jioni ganzi ilifika magotini. Mwongera alimkalisha kitandani, akamchua kwa mafuta.

"Unahisi hapa?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapana."

Alimfinya kwa kucha. Damu ikatoka kidogo. Gacheri aliitazama kama damu ya mtu wa televisheni. Alijua anapaswa kuogopa. Aliutafuta woga ndani yake akaukosa. Hata woga ulikuwa umekufa ganzi. Aliwaza tu kwamba kesho ni siku ya soko, na muuza viatu asiyeweza kusimama atauzaje viatu.

Nje, Diwani alikuwa akibweka tangu mchana.

Akanyamaza.

"Mwongera..."

"Nimesikia."

Kitu kilikuwa kinakuja uani, juu ya kokoto. Hazikuwa hatua. Kilikuwa kinajiburuta kidogo, kinapumzika, kinajiburuta tena. Gacheri, ambaye masikio yake yalijua kila aina ya mwendo, alisikiliza akitafuta kiatu. Hapakuwa na kiatu. Hapakuwa na unyayo.

Ni mtu anayetembea kwa magoti.

Akafika mlangoni. Harufu ya vanishi ikapita chini ya mlango, na ile dawa.

Akabisha. Sauti ya kubisha ilitoka chini kabisa, kwenye kimo cha mkono wa mtoto.

"Nani?" Mwongera alinong'ona.

Ikaja sauti ya mzee, ya upole, isiyo na hasira yoyote, sauti ya mtu aliyesimama mbele ya kibanda akingoja zamu yake.

"Mama viatu."

Gacheri aliifunika miguu yake kwa blanketi.

"Mbao nimeziona. Kaa nazo," ile sauti ikasema. "Nipe miguu."