Mapipa ya Mkanda Mwekundu

Siku ile mjinga alikuwa Lonnie Peoples. Mwenyewe hakatai. Kulikuwa na waovu, kulikuwa na walafi, na kulikuwa na Otis ambaye alikuwa vyote viwili kabla hajanywa chai. Lakini ujinga ulikuwa wa Lonnie peke yake. Hakugawana na mtu.

Saa mbili asubuhi

Chumba cha nyuma cha duka la matairi la Otis, barabara ya Gratiot. Agosti. Joto la Detroit lilikuwa limeshaingia na kukaa kitako kama mgeni asiyejua kuaga. Chumba kilinuka mpira, grisi na soseji. Soseji ilikuwa ya Stosh, Mpolandi wa Hamtramck mwenye shingo ya fahali. Aliila na nyama ya kusaga juu, vitunguu juu ya nyama, haradali juu ya vitunguu. Mchuzi ulimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Akaulamba.

"Wewe mtu kweli?" Lonnie akamuuliza.

"Ni kifungua kinywa, kaka."

"Hicho kinywa kingebaki kimefungwa tu."

"Nyamazeni," Quita alisema. "Nasema mara moja."

Quita alikuwa binti wa Lonnie. Hakukaa. Viti vya Otis vilimtia kinyaa. Alikuwa amevaa sare ya kazi, shati la kijani lenye kadi kifuani. Alifanya kazi kwenye duka la bangi la Vandermeer, upande wa kufunga oda. Mteja anaagiza kwa simu akiwa kitandani. Oda inatokea kwenye skrini. Quita anashusha kopo, anapima, anatia kwenye mfuko, anabandika lebo yenye jina la mteja, anapiga stapla, anapanga rafuni. Mteja anakuja kuchukua kama anachukua dawa. Na kwa wengi ni dawa kweli: mabibi wa saratani, wazee wa mgongo, askari waliorudi vitani na usingizi ukabaki hukohuko.

Lonnie alinyea debe miaka sita kwa mzigo huohuo. Leo sheria imeuruhusu, na Vandermeer anauweka dirishani, anauwashia taa, anaupigia muziki laini. Ukitaka kujua kutapika bila kula, pita mbele ya dirisha lile ukiwa umetoka jela.

"Nyuma kuna mapipa manne ya taka," Quita alisema. "Bangi iliyooza haitupwi hivihivi. Sheria inataka ichanganywe na uchafu mpaka isifae hata kwa shetani. Mimi ndiye mchanganyaji, mbele ya kamera. Namwaga magunia ya machicha ya kahawa na udongo. Jana, ndani ya magunia yale, kulikuwa na maua mapya ya bangi. Mzigo wa kwanza kabisa wa mavuno. Yamo kwenye mapipa mawili yenye mkanda mwekundu. Yenye mkanda wa bluu ni uozo mtupu."

"Tubebe yote manne," Otis alisema. Alikuwa amekaa kwenye tairi la lori kama mfalme aliyepinduliwa.

"Hapana, anko. Gari la taka la kweli linakuja saa sita. Likute cha kubeba. Nyie mnakuja saa nne, mnachukua mawili, mnaondoka. Mlinzi wa asubuhi anatoka saa tano, hatakutana na gari la kweli wakaulizana."

"Na tukichelewa?"

"Mtu wa gari la kweli ana fimbo ya chuma. Anachoma kila pipa kuangalia kama kuna chupa, zisimvunjie mashine. Akichoma jekundu, mimi nimekwisha. Mapipa yale ni yangu, mikono ni yangu, kamera inanijua." Akamtazama baba yake. "Mekundu lazima yaondoke. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Usiniite mama. Rudia."

"Mekundu."

Otis akauliza kwa nini anafanya hivi, mtoto mwenye kazi nzuri, bima ya meno, kiyoyozi.

Quita alikunja uso kama aliyekanyaga kitu. "Chini ya meza yangu kuna trei. Vandermeer anataka nikwangue ukungu, nipulizie maji ya limau, nifunge, nibandike lebo. Wiki jana nilibandika jina la bibi mmoja anayekuja na mtungi wa oksijeni. Alinishukuru. Akaniita malaika." Akavaa kofia. "Nataka nauli ya kuondoka mji huu. Basi."

Alipotoka, Stosh alifuta kidevu. "Lonnie. Una hakika binti hatuchezei?"

"Ni mwanangu."

"Ndiyo maana nauliza. Wewe ulimwacha ana miaka minane."

Neno lile lilimwingia Lonnie kama mwiba wa samaki.

Saa nne

Gari dogo la mizigo lilirudi kinyumenyume uani. Otis alilipaka rangi nyeupe mwenyewe, na rangi ilikuwa bado inanata. Lonnie na Stosh walivaa ovaroli na barakoa. Mlinzi wa asubuhi, mzee aliyekuwa akipigana na usingizi na kushindwa, aliwafungulia bila kuinua macho.

Mapipa manne. Nzi kama harusi.

"Jekundu na jekundu," Stosh alinong'ona. "Twende."

Lonnie akashika mfuniko.

Hapo ndipo ujinga ulipomfika. Lonnie alianza kuuza bangi kona ya barabara ya Mack akiwa na miaka kumi na mitano. Alijivunia pua. Watu wa zamani walimletea mzigo ukiwa umefungwa kwenye gazeti, naye akanusa mara moja tu na kusema umetoka wapi na umelala wapi. Pua haikuwahi kumdanganya. Watu walimdanganya, tena sana.

Akainua mfuniko wa jekundu la kwanza. Akavuta pumzi.

Kahawa. Udongo. Basi.

La pili. Kahawa.

"Vipi?" Stosh akauliza.

Lonnie akafungua la bluu. Harufu ikampiga kofi. Bangi, nzito, kali, ya kupofusha. Ilikuja na kitu kingine, kitu kama soksi za maiti, lakini bangi ilikuwemo.

"Katuchezea," Lonnie alisema. "Mekundu hayana kitu. Mzigo uko kwenye bluu. Anataka tubebe machicha, yeye abaki na mali."

"Nilisema!"

"Funga mdomo. Beba bluu."

Yaani alijua mwanawe ana haki ya kulipiza. Miaka sita ya siku za kuzaliwa zilizopita kwenye simu ya jela. Alikuwa akiisubiri siku hiyo, na mtu anayesubiri kofi huliona hata kwenye mkono unaompungia.

Quita alikuwa ndani, oda kumi na ngapi kwenye skrini, kamera juu ya kichwa. Alisikia gari likiondoka. Akashusha pumzi. Akapiga stapla.

Saa tano

Walishusha mapipa katikati ya duka la matairi. Otis akateremsha mlango wa bati. Akakata mkanda kwa kisu, akipiga mluzi.

Mluzi ukafia njiani.

Juu kulikuwa na maua ya bangi, kweli. Yalikuwa yameota manyoya ya kijivu kama panya waliolowa. Chini ya hayo, uji mweusi. Maganda ya mayai. Mchanga wa choo cha paka, pamoja na alichoacha paka. Funza walitembea juu bila haraka, kama watu wenye hati ya nyumba. Joto liliuinua uvundo ule, likauchemsha, likaugawa sawasawa kwa kila mtu.

Stosh alikimbilia kona. Soseji ikarudi, vitunguu vikarudi, haradali ikarudi.

"Hii ni nini?" Otis aliuliza polepole.

Lonnie alikuwa na mkono mdomoni. Akili yake, iliyochelewa saa nzima, ilikuwa inafika sasa kwa miguu. Duka la Vandermeer si gazeti la kona ya Mack. Pale kila ua jema hutiwa kwenye mfuko mzito, likanyonywa hewa, likafungwa kwa moto. Halitoi harufu hata ulilalie. Kinachonuka dukani mle ni kilichooza tu. Quita hakusema kwa sababu kwake ilikuwa kama kumwambia mtu kwamba maji yamelowa.

"Mekundu yalikuwa sahihi," Lonnie alisema.

"Umebeba nini?"

"Nimebeba bluu. Otis, lile gari la taka linakuja. Fimbo. Watamkamata mtoto. Turudishe haya, tuchukue yale. Bado kuna muda."

Otis hakusogea. Alichovya kidole kwenye pipa, akatoa ua moja lenye manyoya, akalisugua kwenye suruali. Akalitazama kwenye mwanga.

"Tukiyaanika juu ya bati," alisema, "tukapulizia kitu. Wale wanaolala chini ya daraja hawachagui."

"Otis."

"Wanavuta hata majani ya chai."

"Mwanangu yuko mle ndani!"

"Mwanao ajitetee. Ana kadi kifuani." Otis aliendelea kusugua. "Na wewe funguo za gari weka hapa mezani."

Lonnie alimtazama rafiki yake wa miaka thelathini akimfuta funza kwa dole gumba, kwa upole, kama anayemfuta mtoto kamasi. Akaona sura ya Vandermeer juu ya mabega yale. Mmoja ana kiyoyozi, mwingine hana. Basi, tofauti imekwisha.

Akainamia pipa, akaanza kulisukuma kwenye gari.

Spana ya magurudumu ilimpata juu ya jicho. Damu ikashuka kama pazia. Otis aliinua mkono mara ya pili, na mkono ukabaki hewani: Stosh alikuwa ameushika, macho yanamtoka machozi, ndevu zina matapishi.

"Mwache aende, Otis."

"Wewe uko upande wa nani?"

"Mimi nataka hivi vitu vitoke humu!"

Stosh akamsukuma Otis kwenye rundo la matairi. Akapandisha mlango. Akapakia mapipa peke yake, mikono imenyooka, uso umegeuka pembeni.

Saa sita kasoro kidogo

Kasoro hiyo haikumsaidia. Gari la taka la kweli liliwahi.

Lonnie alipoingia uani, dereva wa gari lile alikuwa anapanda. Fimbo yake ya chuma ilikuwa mkononi, na uani kote kulinukia maua mabichi, matamu, kama shamba baada ya mvua. Jekundu moja lilikuwa limelazwa chini. Mifuko iliyopasuka ilikuwa imetapakaa.

"Mimi nabeba taka tu," dereva alisema kwa yeyote anayetaka kusikia. "Hiyo siyo taka." Akaondoka.

Quita alisimama ukutani. Mlinzi mpya alimshika mkono. Vandermeer alikuwa mbele yao, shati la kitani, viatu bila soksi, simu mkononi. Akaliona gari jeupe. Akaona rangi ilivyochubuka. Akaona damu. Kisha uvundo wa mapipa ya bluu ukamfikia, akaziba pua.

"Na huyu?"

"Mzigo ni wangu," Lonnie alisema. "Mimi ndiye mwizi. Huyu simjui."

"Mna pua moja," Vandermeer alisema. Akasoma kadi ya Quita. "Peoples. Baba, siyo? Inapendeza." Akatabasamu. Meno yake yalikuwa meupe kuliko haki. "Mimi sipendi kelele. Polisi wakija wanakuja na wakaguzi, wakaguzi wanapekua. Kwa nini tusumbuane? Mzigo unarudi ndani. Quita anarudi mezani. Trei zile anazifunga, zote, kila siku, bila kunikunjia uso. Mpaka nitakaposema basi. Nikisikia neno moja, video ya kamera naipeleka polisi."

Mlinzi alimwachia mkono.

"Kubali," Lonnie alisema. Alikuwa analia, au ilikuwa damu. "Kubali, mwanangu. Jela siyo mchezo. Mimi naijua. Fumba macho, funga vimifuko. Ni vimifuko tu."

"Msikilize mzee wako," Vandermeer alisema.

Quita alivua glavu. Moja, kisha nyingine. Akamtazama baba yake kwa muda, bila hasira, kama mtu anayesoma oda ndefu.

"Yule bibi wa oksijeni oda yake iko rafuni," alisema. "Anakuja saa saba."

"Basi mpe," Vandermeer alisema, na akainua simu karibu na uso wake. "Au unataka nipige? Maana nikipiga, binti, wewe ndiye unayekwenda jela. Unaelewa? Nipige?"

"Namba zenyewe za polisi ni tatu tu, bosi," Quita alisema. "Nikushikie simu?"